Je, "assassin" maana yake ni mvuta bangi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga. Mwalimu wetu wa historia alitueleza kuwa neno la Kiingereza assassin linatokana na hashishi, kwa sababu zamani kulikuwa na kundi la Waislamu waliokuwa wakilewa bangi kabla ya kwenda kuua wakubwa. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ni Mwismailia, na aliumia sana kusikia hivyo. Yeye anasema neno lenyewe limetoka kwenye asasi, na hiyo hadithi ya bangi ni uzushi. Nani yuko sahihi? Na mimi nikitaka kuliandika kwa Kiswahili kwenye insha yangu, niandikeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amepatia neno, amekosea habari. Rafiki yako amepatia habari, amekosea neno. Nitakueleza kwa kirefu, maana jambo hili linagusa watu unaosoma nao na kupanga nao foleni dukani, na ndiyo sababu nataka ulijue vizuri.

Tuanze na watu wenyewe. Mwaka 1094 alifariki mjini Kairo khalifa wa Wafatimi, ukoo uliotawala Misri wakati huo, al-Mustansir, aliyekuwa pia imamu wa Mashia wa madhehebu ya Ismailia. Wanawe wawili wakagombewa na wafuasi: mkubwa akiitwa Nizar, mdogo akiitwa al-Musta'li. Mdogo ndiye aliyekalia kiti kwa nguvu za kamanda wa jeshi, na Nizar akafia kifungoni. Waumini wakagawanyika. Mgawanyiko huo uko nasi mpaka leo hapa pwani: Maismailia wanaomfuata Aga Khan wanatokana na upande wa Nizar, na Mabohora wanatokana na upande wa al-Musta'li. Ukipita mbele ya jamatkhana, nyumba ya ibada ya Maismailia, kisha ukapita mbele ya msikiti wa Mabohora, umepita kwenye matawi mawili ya ugomvi wa kiti cha Kairo wa zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Upande wa Nizar ulipata nguvu zake Uajemi, si Misri. Huko alikuwapo mtu mmoja msomi na mkali, Hassan-i Sabbah. Mwaka 1090, kabla hata ya mgawanyiko huo, aliitwaa ngome ya Alamut iliyoko kwenye milima ya kaskazini mwa Uajemi, akakaa humo hadi kufa kwake mwaka 1124. Nchi yote iliyomzunguka ilikuwa chini ya Waturuki wa Seljuki, Wasunni wenye jeshi kubwa ambalo yeye hakuwa na uwezo wa kulikabili uwanjani. Akachagua njia nyingine. Badala ya kupigana na jeshi, alimlenga aliyelituma.

Oktoba 1092, katika mwezi wa Ramadhani, waziri mkuu wa Seljuki, Nizam al-Mulk, alikuwa akibebwa kwenye machela kuelekea kwenye hema la wake zake. Mtu aliyevaa kama Sufi akamsogelea kana kwamba ana shida ya kumwambia, akamchoma jambia. Huo ndio uliokuwa mtindo wao kwa miaka mingi iliyofuata: silaha ni jambia, mahali ni hadharani, mara nyingi msikitini siku ya Ijumaa au barazani kwa mtawala, na muuaji mara nyingi hakimbii. Waliotumwa kazi hiyo waliitwa mafidai, yaani watu waliojitoa. Neno hilo hulijui kama fidai, lakini unalijua vizuri kwa sura nyingine, kwa sababu ndugu yake ni fidia yetu. Fidia ni kile unachotoa ili kitu kingine kikombolewe. Fidai alijitoa mwenyewe.

Sitaki unione kama ninawatetea wauaji. Waziri aliyeuawa aliacha watoto, na miji kadhaa ililipiza kisasi kwa kuwachinja Maismailia wengi ambao hawakuwa wamegusa jambia maishani mwao. Lakini kuua kwa siasa ni jambo moja, na kuua kwa ulevi ni jambo jingine, na hapo ndipo hadithi ya bangi inapoharibu historia.

Sasa njoo kwenye neno. Kwa Kiarabu, hashish ni majani makavu, malisho ya wanyama. Baadaye ndipo likawa pia jina la mmea ule ambao sisi tunauita bangi, kwa neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Angalia jinsi safari inavyojirudia: vijana wetu nao wakitaka kuitaja bangi kwa mafumbo husema "majani". Katika nchi za Kiarabu za karne ya 12 hashishi iliandaliwa na kuliwa, haikuvutwa kwa kiko kama hadithi nyingi zinavyochora, na waliojulikana kwa kuila walihesabiwa kuwa watu wa chini, wasio na adabu wala dini. Mtu wa namna hiyo aliitwa hashishi, na wakiwa wengi, hashishiyya au hashishiyyin.

Mahali pa zamani kabisa tunapoona jina hilo likibandikwa kwa Wanizari ni waraka wa mwaka 1123. Na nani aliyeutoa? Al-Amir, khalifa wa Kairo, mtoto wa yule al-Musta'li aliyekipata kiti. Yaani ni wa upande wa pili wa ugomvi wa kifamilia, akiwaandikia Wanizari, yaani wafuasi wa Nizar, wa Shamu (upande wa Syria) kuwaambia kwamba baba yake mkubwa, Nizar, hakuwa na haki na wao wamepotea. Katika waraka huo anawaita hashishiyya mara mbili, bila kueleza kwa nini, na bila kuwatuhumu kwamba wanakula chochote. Ni tusi tupu. Miaka 7 baadaye, mwaka 1130, al-Amir mwenyewe aliuawa na Wanizari.

Hebu fikiria barazani kwenu. Kijana anapita na bodaboda kwa kasi, anakwepa gari kwa upenyo wa kidole, na mama mmoja anasema, "Huyu kavuta bangi." Mama hajampekua mfukoni. Hajanusa kitu. Anasema tu kwamba huyu hana akili timamu, si mtu wa kuheshimiwa. Mwanao akija na wazo la ajabu unamwambia "usiniletee bangi zako", na unajua kabisa kuwa hajawahi kuigusa. Sasa chukua kauli ya yule mama, iandike kitabuni, mpe mgeni asiyejua Kiswahili aisome baada ya miaka 100. Ataandika kwao kwamba madereva wa bodaboda wa Tanga hupewa bangi na mabosi wao kabla ya kuanza kazi. Ndivyo ilivyokuwa.

Wageni wenyewe walikuwa Wazungu wa Vita vya Msalaba. Wanizari walikuwa na ngome pia huko Shamu, na kiongozi wao aliyevuma zaidi alikuwa Rashid al-Din Sinan, aliyekuwa na ngome ya Masyaf na kufariki miaka ya mwanzo ya 1190. Wazungu walimwita Mzee wa Mlimani, tafsiri ya Kiarabu shaykh al-jabal. Watu wake walimjaribu Salahuddin mara mbili wakashindwa. Tarehe 28 Aprili 1192, katika mji wa Tyre, walimuua Conrad wa Montferrat, ambaye siku chache tu kabla alikuwa amechaguliwa kuwa mfalme wa Yerusalemu. Waliomuua walikuwa wameishi mjini humo kwa muda mrefu wakijifanya watawa wa Kikristo, wakizoeana na watu, wakisubiri. Nishikie hapo kwenye kusubiri, nitaurudia.

Wazungu wakasikia majirani Waislamu wakiwaita watu hao hashishiyyin, nao wakaandika walivyosikia. Mjumbe aliyetumwa na Kaisari wa Ujerumani mwaka 1175 aliandika Heyssessini. William wa Tyre, askofu mkuu na mwandishi wa historia wa zama hizo, aliandika Assissini, na akasema wazi kuwa si Wakristo wala Waislamu wanaojua jina hilo limetoka wapi. Kilatini hakikuwa na herufi ya sauti sh, ikawa ss. Ile h ya kooni ilikuwa ngumu kwao, wengine wakaiandika, wengine wakaiacha. Na ile -in ya mwisho, ambayo kwa Kiarabu ni alama ya wingi, wakaichukua nzima nzima kama sehemu ya jina. Usiwacheke: sisi tunasema "malaika mmoja", na kwa Kiarabu malaika ni wingi tayari, mmoja wao ni malak.

Hapo ndipo ninapolazimika kumkosoa rafiki yako, kwa upole. Dhana ya asasi si ya kijinga. Asas kwa Kiarabu ni msingi, na ndilo neno lile lile tulilolichukua tunaposema asasi za kiraia. Tena katika mafundisho ya Ismailia, asas ni cheo cha heshima kubwa, kwa hiyo ni rahisi kuona kwa nini mtu angetaka jina litoke huko: lingekuwa jina la fahari badala ya tusi. Dhana hiyo imesambazwa sana na waandishi wa riwaya na watu wa mtandaoni. Lakini ushahidi wa maandishi unaikataa. Waraka wa 1123 una h na sh, si s. Waandishi wa Kiarabu waliofuata waliandika hivyo hivyo. Msafiri wa Kiyahudi kutoka Hispania, Benjamin wa Tudela, aliyepita Shamu miaka ya 1160, aliliandika kwa Kiebrania akiwa na herufi za h na sh. Mjumbe wa Kijerumani naye aliandika h. Hatuna hata andiko moja la zama zile linalowaita asasiyyun. Wapo pia waliosema jina linatoka kwa Hassan mwenyewe, lakini nayo inagonga ukuta ule ule.

Suala hili la asili ya neno liliwasumbua Wazungu kwa karne nyingi hadi tarehe 19 Mei 1809, mtaalamu wa Kiarabu wa Ufaransa, Silvestre de Sacy, aliposoma makala yake mbele ya wasomi wenzake mjini Paris. Yeye alikuwa na hati za Kiarabu mkononi, akaonyesha kwa herufi kwamba assassin ni hashishi. Kwa upande wa neno, alimaliza kazi, na mimi namheshimu kwa hilo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa neno limetoka kwenye hashishi, basi lazima hashishi ilitumika kwa namna fulani. Miaka 9 baadaye Mwaustria Joseph von Hammer-Purgstall akachapisha historia nzima ya watu hao akiipamba hadithi, ikatafsiriwa lugha nyingine, na hapo ndipo vitabu vya shule vilipoipata.

Hadithi yenyewe bila shaka umeisikia: kwamba Mzee wa Mlimani alikuwa na bustani yenye mito ya maziwa, asali na divai, na wasichana warembo, kwamba vijana walileweshwa, wakaamkia humo wakadhani wako peponi, kisha wakatolewa na kuambiwa wakitaka kurudi wakaue. Aliyeivumisha ni Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice. Yeye alipita Uajemi miaka ya 1270, na Alamut ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Wamongoli tangu 1256. Hakuiona bustani, aliisimuliwa. Na ukisoma kwa makini, yeye hataji hashishi. Anataja kinywaji cha kulaza usingizi. Nchi hiyo anaiita Mulehet, jina lililotoka kwenye Kiarabu mulhid, ambalo wewe unalijua kama mulhidi, mtu aliyeasi dini. Maana yake hata aliyemsimulia Marco Polo alikuwa adui wao.

Sasa kwa nini nasema kwa uhakika kwamba bangi haikuwamo? Nina sababu mbili zinazonitosha.

Ya kwanza ni shahidi adui. Wamongoli walipoichukua Alamut, aliyekuwa pamoja nao ni Juvayni, mwanahistoria Msunni aliyewachukia Wanizari kwa moyo wote. Aliingia kwenye maktaba yao, akachagua misahafu na vyombo vya elimu ya nyota, na vitabu vingine vya madhehebu yao akavichoma. Kama kuna mtu aliyekuwa na hamu na nafasi ya kuandika kuwa walikuwa walevi wa hashishi, ni yeye. Hakuandika. Badala yake ametuachia habari kwamba Hassan-i Sabbah alimuua mtoto wake mwenyewe kwa kosa la kunywa divai, na kwamba mtu mmoja aliyepiga filimbi ngomeni alifukuzwa asirudi tena. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa kwamba alikuwa akigawa hashishi?

Ya pili ni kazi yenyewe. Nilikuomba unishikie wale wawili wa Tyre. Mtu anayejifunza sala za watu wa dini nyingine, akavaa mavazi yao, akaishi nao bila kuteleza ulimi, akangoja siku moja ya kumsogelea mkuu mwenye walinzi, huyo anahitaji akili safi na mkono usiotetemeka. Hashishi hulegeza. Waliobuni hadithi hii walishindwa kuamini kwamba binadamu anaweza kujitoa kwa ajili ya imani, wakatafuta dawa ya kueleza walichoshindwa kukielewa.

Jambo moja la ajabu kidogo, na ambalo wengi hawalijui: neno hili lilipofika Ulaya halikuwa na maana ya muuaji mara moja. Watunzi wa mashairi ya mapenzi wa kusini mwa Ufaransa walilitumia kusifu utii. Mpenzi anamwambia bibi wa moyo wake kwamba anamtii kuliko Massasini wanavyomtii Mzee wao. Kilichowagusa kwanza ni uaminifu usio na masharti. Mauaji ndiyo yaliyofuata. Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante wa Italia anapomtaja lo perfido assassin katika Jehanamu yake, yule muuaji mwenye hila anayeungama akiwa amepandwa ardhini kichwa chini, hakuna tena Shamu wala ngome. Amebaki muuaji wa siri tu, na mara nyingi wa kulipwa. Kwa maana hiyo neno likapita kwenye Kitaliano na Kifaransa, likaingia Kiingereza na kukaa humo karne ya 16. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 17, Shakespeare alimpa Macbeth neno assassination mdomoni wakati anapojishauri kumuua mfalme aliye mgeni nyumbani kwake, na hapo ndugu zake Hassan-i Sabbah walishasahaulika kabisa.

Hawakutoweka, lakini. Baada ya Wamongoli walijificha Uajemi kwa karne nyingi, wakaenea Bara Hindi, na kutoka huko baadhi yao wakavuka bahari kwa majahazi ya biashara hadi Zanzibar, Bagamoyo, Mombasa. Cheo cha Aga Khan walipewa maimamu wao katika karne ya 19 na mfalme wa Uajemi. Aga Khan wa 4, aliyefariki Lisbon Februari 2025, ndiye aliyeanzisha mwaka 1959 kampuni ya magazeti ambayo Taifa Leo ni mojawapo ya mazao yake. Hospitali za jina lake ziko Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Rafiki yako anaposikia darasani kwamba wahenga wake walikuwa wavuta bangi, anasikia tusi la mwaka 1123 likitolewa upya, safari hii na mwalimu wake, pasipo nia mbaya. Nenda ukamwambie kwamba ana haki ya kuumia. Kisha mweleze habari ya herufi h.

Umeuliza uliandikeje. Kiswahili hakina neno moja lililosimama mahali pa assassin, na mimi sioni kasoro hapo. Maneno yetu ya wahalifu wa namna hii nayo mengi yametoka ng'ambo: haramia ni harami ya Kiarabu, na jambazi wanaisimu huliunganisha na janbaz ya Kiajemi, mtu anayeuchezea uhai wake, neno ambalo Iran ya leo hulitumia kwa heshima kumwita askari aliyepata ulemavu vitani. Lakini tunapotaka kusema mkubwa ameuawa, tunategemea kitenzi na mazingira. Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Waingereza huandika assassinated kwa yote mawili. Msikilizaji wetu haulizi tena kama hayo yalikuwa mauaji ya kawaida. Ukitaka kulitaja jambo lenyewe kwa jumla, "mauaji ya kisiasa" yanatosha. Aliyelipwa ni "muuaji wa kukodiwa". Aliyefanya kwa imani yake ni muuaji, na sababu yake uieleze kwa sentensi nyingine. Sikushauri uandike "asasini"; wanaosahihisha watadhani umekosea kuandika asasi, na utakuwa umeturudisha tulikotoka.

Na ukifika kwenye aya ya Vita vya Msalaba, waite watu hao kwa jina lao: Maismailia wa Nizari. Waliotumwa kuua waite mafidai. Jina la hashishiyya liandike mara moja tu, ueleze kuwa waliitwa hivyo na maadui zao, kuanzia waraka wa Kairo wa mwaka 1123.